Tembo, Zerambo na Moshi: Biashara ya Vileo Katika Pwani ya Tanga

Tukifuata njia ya pwani kutoka Tanga hadi Pangani, twaona minazi iliyokatwa vidato shinani. Hizo ni alama za mgema. Alfajiri na jioni hupanda na kotama yake, akalipunguza kidogo shada la maua lililo bado ndani ya karara, akaning'iniza kibuyu. Yanayotoka ni tembo tamu. Likikaa hadi jioni huwa tembo kali, na siku chache baadaye ni siki.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Shada linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye shamba alipaswa kuchagua: mbata ya kuuza nje, au tembo la kuuza papo hapo. Tembo lilimpa fedha kila siku, lakini halikuweza kusafirishwa mbali wala kungoja bei nzuri. Njia ya kulihifadhi ilikuwa kulichemsha na kuupoza mvuke wake. Kinywaji hicho kiliitwa zerambo, na kamusi za karne ya 19 zimeliandika neno hilo.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Katika sehemu kubwa ya Afrika, vileo vikali vilipigwa marufuku popote ambapo, kwa sababu ya dini au sababu nyingine, havikuwa vimezoeleka; visingeingizwa wala kutengenezwa. Mzungu aliruhusiwa kuagiza vyake. Basi chupa ya mgeni ikawa halali, na chungu cha mwenyeji kikawa kosa.

Wakati huohuo soko lilikuwa likikua. Mwaka 1893 miche ya mkonge ililetwa Kikogwe, karibu na Pangani. Iliyosalimika ilikuwa 62 tu, na kutokana nayo mashamba yakaenea Tanga nzima. Vibarua walifanya kazi kwa kipande cha siku 30, wakalipwa kipande kilipojaa. Fedha taslimu ikawa mikononi mwa watu waliokuwa mbali na kwao, waliochoka, na wasio na shamba la kupika pombe yao wenyewe. Ni nani angewauzia, kama si jirani?

Waingereza hawakubadili msingi huo. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ulikataza tena kutengeneza vileo vikali, na hati ya udhamini ya 1922 iliwataka waidhibiti biashara hiyo. Ujuzi wa zamani ukahamia vichakani, na mnunuzi akalipia pia hatari ya muuzaji.

Baada ya uhuru, Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 ilijaribu njia nyingine: mtengenezaji aweze kupata leseni. Asiye nayo alibaki mkosaji. Ndiyo maana huandikwa "moshi" katika hati ya mashtaka, hali mshtakiwa na majirani zake wanasema gongo.