Farasi na Wati: Namna Nguvu Ilivyopata Kipimo

Juu ya mota ya kinu twasoma: farasi 5. Juu ya taa ya umeme twasoma: wati 60. Vipimo hivi viwili ni ndugu, kwani vyote vyapima nguvu. Lakini mbona mashini isiyokula majani ihesabiwe kwa farasi? Tufuate habari yake tangu mwanzo.

Kwanza tutenganishe kazi na nguvu. Watu wawili wamepandisha ghalani magunia kumi kila mmoja. Wa kwanza amemaliza kwa saa moja, wa pili kwa saa mbili. Kazi yao ni sawasawa, lakini wa kwanza ametumia nguvu mara mbili kuliko mwenzake. Basi, nguvu ni kazi iliyogawanywa kwa muda wake.

Sasa twende Uingereza. Tangu mwaka 1712 mashini za mvuke za Thomas Newcomen zilivuta maji machimboni, lakini zilikula makaa mengi mno. James Watt, fundi wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1736, alipewa mfano mdogo wa mashini hiyo autengeneze katika chuo kikuu cha Glasgow. Akaona silinda yapashwa moto na kupozwa kila mara, na joto lapotea bure. Mwaka 1765 akabuni chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, ili silinda ibaki moto sikuzote. Mwaka 1775 akashirikiana na Matthew Boulton, mwenye kiwanda karibu na Birmingham.

Wenye machimbo waliwalipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa, wakilinganisha na mashini ya Newcomen. Bei hiyo ilieleweka. Lakini wenye vinu na viwanda vya pombe hawakuwa na mashini ya kulinganisha. Walikuwa na farasi wa kuzungusha gurudumu. Hao walitaka kujua neno moja tu: mashini hii itashika mahali pa farasi wangapi?

Hapo ndipo palipo na shida. Farasi mmoja ni hodari, mwingine amekonda. Muuzaji akichagua aliyekonda, mnunuzi apunjwa. Mnunuzi akichagua hodari, muuzaji apata hasara. Kwa hiyo, mwaka 1783, Watt aliweka kiasi kimoja kwa wote: ratili 33,000 kupandishwa futi 1 kwa dakika 1. Kwa vipimo vyetu ni kama kilo 76 kupandishwa meta 1 kwa sekunde 1. Farasi wengi hawawezi kushika kazi hiyo mchana kutwa; mnunuzi basi hakupunjwa. Mwaka 1785 kiwanda cha pombe cha Whitbread, mjini London, kilifunga mashini ya Watt kushika kazi ya farasi wake.

Watt alikufa mwaka 1819. Umeme ulipoenea, mataalamu walitaka kipimo kisichotegemea mnyama. Mwaka 1882 William Siemens alishauri kipimo hicho kiitwe kwa jina la Watt, na mwaka 1889 mkutano wa mataalamu wa umeme huko Paris ukakubali. Wati 1 ni karibu sawa na kupandisha gramu 102 kwa meta 1 kwa sekunde 1. Farasi 1 ya Watt ni wati 746. Ile ya Kifaransa, ya kilo 75, ni wati 735 na nusu. Kituo cha kwanza cha Inga, kilichofunguliwa mwaka 1972, kilijengwa kwa kilowati 351,000: ni farasi 470,000 hivi!

Tuangalie jambo moja tunapolipa umeme. Wati yapima nguvu tu, bali tunalipia kazi yote iliyofanyika. Taa ya wati 60 ikiwaka saa 10 yatumia wati-saa 600. Wati 1,000 kwa saa 1 ni kilowati-saa 1, nayo ndiyo inayohesabiwa na mita. Mtu asiyetofautisha kilowati na kilowati-saa hawezi kujua kama amelipa haki. Kipimo hiki kilizaliwa ili muuzaji na mnunuzi wasidanganyane. Chamfaa yule tu anayejua kukisoma.