Kutoka chungu cha pombe hadi birika la chai: historia ya Ukristo wa kila siku Marani

Ukristo wa Marani haukuanzia Marani. Vituo vya kwanza vya wamisionari katika nchi ya Abagusii, magharibi mwa Kenya, vilijengwa kando ya mji wa Kisii. Mapadre wa shirika la Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, nao Waadventista Wasabato wakaweka kituo chao Nyanchwa muda mfupi baadaye. Marani, iliyo kaskazini mwa mji huo katika eneo la Kitutu, ilipata dini mpya kwa vijana waliokwenda vituoni kujifunza kusoma kisha wakarudi kwao. Jambo hilo ndilo lililoamua sura ya Ukristo wa vilima hivi. Tangu mwanzo imani ilihubiriwa na jirani, na majirani zake waliipima kwa kumtazama anavyoishi.

Wakati wenyewe haukuwa mzuri kwa mgeni yeyote mweupe. Majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Abagusii mwaka 1905, yakarudi tena mwaka 1908 baada ya Otenyo, kijana wa Kitutu aliyehamasishwa na nabii mwanamke Moraa, kumchoma mkuki Northcote, mtawala wa kikoloni wa eneo hilo. Northcote alipona. Kitutu ikachomewa nyumba na kunyang'anywa mifugo. Padre aliyetokea miaka mitatu baadaye alikuwa na rangi ileile ya waliochoma nyumba, na wazee hawakuwa na sababu ya kumtofautisha na askari.

Waadventista walikuwa wametangulia kwa Waluo. Mkanada Arthur Carscallen alifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, akiwa pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi inayoitwa Malawi siku hizi. Nyambo anastahili kutajwa mara nyingi kuliko anavyotajwa, kwa kuwa uwepo wake ulionyesha mapema kwamba habari hii ingeweza kubebwa na Mwafrika. Gendia ilipata mtambo wa kuchapisha vitabu mwaka 1913, na kwa miaka mingi wasomaji wa Kigusii walitegemea vitabu vya lugha nyingine, Kiluo na Kiswahili, kabla ya kupata vya lugha yao.

Mwezi Septemba 1914 vita kuu vilifika mlangoni. Wajerumani waliuteka mji wa Kisii kwa muda mfupi, Waingereza wakaukimbia, na wenyeji walioona serikali imeanguka wakapora maduka, ofisi na vituo vya misheni. Waingereza waliporudi walitoza faini ya ng'ombe. Katika miaka hiyohiyo imani ya Mumbo, iliyotokea kwa Waluo mwaka 1913, ilipata wafuasi wengi kwa Abagusii kwa kuahidi kwamba Wazungu wangeondoka. Serikali iliwahamishia viongozi wake Lamu mwaka 1921. Kwa hiyo, mtu aliyeamua kubatizwa katika miaka ya 1920 alikuwa akichagua upande mbele ya ukoo wake, na wengi waliona amewaendea waliowapiga.

Walioleta mabadiliko ni wale walioitwa *abasomi*, yaani wasomaji. Katika vijiji vingi shule na kanisa vilikuwa kibanda kimoja cha udongo na nyasi, na mwalimu mmoja alifundisha herufi, hesabu, sala na nyimbo. Kwa Wakatoliki huyu alikuwa katekista. Kwa Waadventista alikuwa mwalimu aliyepitia kituo cha Nyanchwa au shule ya Kamagambo. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na alilima shamba lake kama wengine. Hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Majirani walijua kama anampiga mkewe, kama analipa deni, na kama mpaka wa shamba lake umesogea usiku.

Mgogoro mkubwa wa kwanza kati ya wasomaji na jamaa zao ulihusu chungu. Kazi kubwa za shamba zilifanywa kwa ushirikiano. Kulikuwa na *risaga*, ambapo majirani wote waliitwa kulima au kuvuna kwa mtu, na *egesangio*, kikundi kidogo cha kupokezana zamu. Malipo ya *risaga* yalikuwa pombe ya wimbi. Chungu kiliwekwa katikati, maji ya moto yakaongezwa, na wanaume wakakizunguka kila mmoja na mrija wake mrefu. Pale ndipo habari zilipozungumzwa, ugomvi ukasuluhishwa, na kila mtu akatambuliwa kuwa mwenzao. Aliyekataa mrija alionekana amewakataa watu.

Waadventista walikataza pombe kabisa, na wamisionari wa Kikatoliki walikemea ulevi bila kuifukuza pombe yenyewe. Kwa Mwadventista swali likawa la shamba: nani atamsaidia kupalilia mahindi kama hawezi kuwapikia watu pombe? Jibu lilitafutwa polepole. Wasomaji walianza kuitana wenyewe kwa wenyewe, wakaandaa uji, na baadaye chai ya maziwa yenye sukari pamoja na chakula. Mwanaanthropolojia Philip Mayer, aliyeandika mwaka 1951 kuhusu ushirikiano wa kilimo kwa Abagusii, aliikuta desturi hiyo ikiwa bado muhimu katika maisha ya vijiji. Ushirika wa kazi ulibaki, kilichobadilika ni kinywaji. Mahubiri mengi ya kipindi hicho yamesahauliwa, lakini chai ya wapaliliaji ipo mpaka leo, na yeyote anayetaka kuelewa jinsi Injili ilivyoota mizizi Kitutu aanzie hapo.

Sabato nayo iligeuza wiki nzima. Katika nyumba ya Kiadventista Ijumaa ni siku ya maandalio. Kuni zinakusanywa, maji yanatekwa, nguo zinafuliwa na kupigwa pasi, mboga za *chinsaga* zinapikwa mapema, na jua linapozama familia inaimba pamoja. Jumamosi hakuna shamba wala soko. Wakulima walio na mashamba madogo ya chai, kahawa na ndizi wanaacha siku nzima ya kazi kila wiki, jambo ambalo jirani hawezi kulipita bila kuliona. Mwezi Agosti huja makambi, mikutano ya siku kadhaa ambapo makanisa ya mtaa hukusanyika, zamani chini ya vibanda vya matawi, siku hizi chini ya mahema. Kwaya za vijana hufanya mazoezi kwa miezi, na wengi walioacha kanisa wamerudi kwa kufuata wimbo.

Kwenye ndoa hali ilikuwa ngumu zaidi. Mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa, na wazee wengi wenye heshima walibaki nje wakati wake na watoto wao wakiingia. Wajane nao walipata kanisani hoja ya kukataa kurithiwa na ndugu wa marehemu. Matanga yalibadilika kwa sehemu tu. Marehemu bado huzikwa nyumbani kwake, na desturi ya kumzika mwanamume upande wa kulia wa nyumba na mwanamke kushoto inajulikana na kila mtu, ila mkesha una kwaya na mahubiri, na mweka hazina husoma michango ya rambirambi mbele ya waombolezaji.

Baada ya vita vya pili vya dunia wahubiri waliongezeka. Walutheri kutoka Uswidi walianza kazi Itierio mwaka 1948. Wakatoliki walipata jimbo lao la Kisii mwaka 1960, askofu wake wa kwanza akiwa Maurice Otunga, aliyefanywa kardinali mwaka 1973. Katika miaka hiyo ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, na katekista mmoja wa zamani akafuatwa na familia jirani zinazosali nyumbani kwa zamu, kumtazama mgonjwa na kuchanga ada ya mtoto. Biblia nzima kwa Ekegusii, lugha ya Abagusii, ilitoka mwaka 1988, zaidi ya miaka 75 baada ya Nyabururu kufunguliwa.

Kuna sehemu za maisha ambazo imani hii imezigusa kidogo kuliko inavyodhaniwa. Makanisa yalikemea tohara ya wasichana tangu enzi za wamisionari, na sheria ya mwaka 2011 ikaipiga marufuku. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2008 na 2009 ulikuta asilimia 96 ya wanawake wa Kigusii wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na ule wa mwaka 2014 ukakuta asilimia 84. Idadi kubwa ya wanawake hao ni waumini, na mara nyingi ukeketaji huo umefanywa kwa siri na wahudumu wa afya.

Jambo zito zaidi ni mauaji ya wanaotuhumiwa kuwa wachawi. Kati ya 1992 na 1994 watu wengi waliuawa katika nchi ya Abagusii kwa tuhuma hizo, na mwanaanthropolojia Justus Ogembo aliandika kitabu kizima kuhusu wimbi hilo. Mwezi Mei 2008 wazee 11 walichomwa moto. Mwezi Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Marani yenyewe, pale wanawake wanne wazee walipouawa na umati katika kijiji cha Nyagonyi. Eneo hilo lina makanisa kila upande, na walioua na waliouawa walikuwa majirani.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, inamfanya anayemtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji, isipokuwa akifanya hivyo mbele ya mamlaka kama chifu au polisi. Lakini tuhuma haianzii kwa chifu. Huanzia kisimani, matangani na njiani kutoka ibadani, masikioni mwa mzee wa kanisa, katekista na akina mama wa Dorkasi, kikundi cha huduma cha kanisa, wanaomtembelea mjane anayetuhumiwa na kumletea kuni na sabuni. Wao ndio wanaoisikia kwanza, wakati bado ni neno la mtu mmoja na linaweza kujibiwa.