Hifadhi ya barafu na moto iliyotawaliwa kutoka Brussels

Tarehe 21 Aprili mwaka 1925, Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitoa amri ya kuanzisha hifadhi ya taifa katika koloni lake la Kongo. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Ilipewa jina la mfalme mwenyewe, Parc National Albert, na mwanzoni ilikuwa ndogo: ilizingira milima ya volkano ya Mikeno, Karisimbi na Visoke, makazi ya gorila wa milimani. Mwaka 1929 ilipanuliwa sana, na katika miaka ya 1930 mipaka yake ikasogezwa kaskazini hadi kwenye vilele vya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda.

Wapenzi wasikilizaji, ni nadra kupata duniani eneo moja lenye sura nyingi kiasi hicho. Juu kabisa, kwenye kimo cha mita 5,109, pana barafu ya kudumu karibu na mstari wa Ikweta. Chini yake hufuata mabonde ya ukungu yenye lobelia warefu kumshinda mtu, kisha mianzi, kisha msitu wa mvua, kisha mbuga za nyasi na viboko wa Ziwa Edward. Kusini, Nyamulagira na Nyiragongo hutema moto. Msafiri aliyesikia habari za Chile au New Zealand, ambako barafu hushuka karibu na misitu na ghuba nyembamba za bahari, angekuta hapa karibu kila kitu isipokuwa bahari.

Wakonjo na Wanande waishio kwenye miteremko ya Ruwenzori hawakuhitaji mtu wa kuwagundulia theluji. Wanayo majina yake, na katika imani zao za jadi huko juu ndiko anakokaa Kitasamba, mwenye mlima. Wazungu walichelewa. Henry Morton Stanley aliiona theluji hiyo mwaka 1888, na mwezi Juni mwaka 1906 mwanamfalme wa Kiitalia, Luigi Amedeo, Mtawala wa Abruzzi, alifika kilele cha juu kabisa na kukiita Margherita, jina la malkia wa kwao. Miaka minne baadaye wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana mjini Brussels kugawana nchi hizo za milima na maziwa. Mpaka ukapitishwa juu ya kilele hicho hicho. Waliokuwa na mashamba upande mmoja na wakwe upande wa pili hawakualikwa mkutanoni.

Wazo la hifadhi lilitokana na watu wawili hasa. Mmoja ni mfalme, ambaye mwaka 1919 alizitembelea hifadhi za taifa za Marekani. Wa pili ni Carl Akeley, Mmarekani wa Jumba la Makumbusho la Historia ya Viumbe la New York. Mwaka 1921 Akeley alikwenda Kivu kuwapiga gorila risasi ili ngozi zao zikaonyeshwe New York. Alirudi akiwa mtetezi wao. Alifariki dunia mwezi Novemba mwaka 1926 kwenye mlima Mikeno akiwa katika safari nyingine ya utafiti, akazikwa huko huko. Katika msafara huo alikuwamo mtaalamu kijana wa wanyama kutoka Ubelgiji, Jean-Marie Derscheid, ambaye baadaye alishika uongozi wa hifadhi. Derscheid aliuawa na Wanazi mwaka 1944 kwa sababu ya kushiriki katika upinzani dhidi yao.

Mwaka 1932 Wabelgiji walipeleka msafara wao wa kisayansi Ruwenzori, chini ya Xavier de Grunne, ili kuupanda mlima kutoka upande wa Kongo. Walipima barafu, wakakusanya mimea na wadudu, wakachora ramani. Matokeo yalichapishwa Brussels mwaka 1937. Mfalme Albert, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima hodari, hakuyaona: alianguka mwambani na kufa huko Marche-les-Dames, karibu na Namur, tarehe 17 Februari 1934.

Mwezi Novemba mwaka huo huo iliundwa Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, makao yake yakiwa Brussels. Rais wake alikuwa Victor van Straelen, ambaye pia alikuwa mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho la Historia ya Viumbe la mji huo. Kwake yeye hifadhi ilikuwa maabara. Watalii waliruhusiwa kutazama wanyama katika uwanda wa Rwindi, lakini sehemu kubwa ilifungwa kwa kila mtu asiye na kibali cha utafiti. Hivyo bonde la Semliki lilisimamiwa na ofisi iliyokuwa umbali wa zaidi ya kilomita 6,000, ambayo taarifa zake ziliandikwa kwa Kifaransa na kusomwa na wataalamu wachache wa Ulaya.

Gharama ya maabara hiyo ilibebwa na wenyeji. Watu wa Semliki walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi waliyoiacha ikaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Wavuvi wa Ziwa Edward, wafugaji na wakulima wa kando ya milima walijikuta wavamizi mahali walipozikwa babu zao. Serikali ya kikoloni ilisema haki zao zitachunguzwa na kufidiwa. Malalamiko yalikuwa bado yanasikilizwa katika miaka ya 1950, na mengine hayajazimika hadi leo.

Na hapa ndipo historia ilipowaumbua wenye maabara. Mwaka 1950 taasisi hiyo hiyo ilimtuma mwanajiolojia Jean de Heinzelin kuchimba huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Alikuta vyusa vya mfupa na mabaki mengi ya samaki. Alikuta pia mfupa mdogo wa urefu wa sentimita kumi hivi, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha yake na chale 168 zilizopangwa katika safu tatu. Wataalamu wangali wanabishana kama chale hizo ni hesabu, kalenda, au ni za kushikia tu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Kwa maneno mengine, eneo lililofungwa kwa hoja kwamba ni asili isiyoguswa na binadamu lilikuwa na wavuvi tangu zama za mawe. Mfupa huo ulipelekwa Brussels na ungali huko, katika makumbusho yaliyoongozwa na van Straelen. Ubelgiji ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwezesha kurejeshwa kwa mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini mfupa wa Ishango haujasafiri.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi barani Ulaya waliamini kwamba hifadhi ingekufa pamoja na bendera ya Ubelgiji. Haikuwa hivyo. Wakongo waliokuwa walinzi wa ngazi za chini walibaki vituoni mwao chini ya wahifadhi kama Anicet Mburanumwe, katika miaka ya maasi na ya mishahara isiyofika. Baadhi yao waliuawa. Haki yao haijaandikwa kwa wino mzito kama ule uliotumika kwa wafalme na makaunti. Mwaka 1969 hifadhi upande wa Kongo ikaitwa Virunga. Mwaka 1979 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Kivu, ikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini katika historia yake.

Njia iliyotumiwa na Wabelgiji kupanda Ruwenzori ingalipo. Huanzia Mutwanga na kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kiondo. Ila mashambulizi ya waasi wa ADF katika eneo la Beni yameifanya kuwa ya hatari, na wapandaji wengi huanzia upande wa Uganda, ambako milima hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991.

Watakachokikuta juu si kile alichokiona Mtawala wa Abruzzi. Mwaka 1906 kulihesabiwa barafu 43 kwenye milima sita. Kufikia mwaka 2003 eneo lote la barafu lilikuwa limebaki kama kilomita moja ya mraba, na mwaka 2022 UNESCO ilitahadharisha kwamba barafu za mwisho za Afrika, yaani za Ruwenzori, Kenya na Kilimanjaro, huenda zitakwisha kufikia mwaka 2050. Katika maktaba za Brussels, ramani za msafara wa mwaka 1932 zinaonyesha barafu mahali ambapo sasa pana mwamba mtupu na maji yanayotiririka kuelekea Semliki.