Kuta za Pujini na Simenti ya Masika

Leo tunaiacha kidogo mikarafuu na mihogo, tunakwenda Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kutazama kuta za kale. Usidhani tumepotea njia. Kama una mpango wa kujenga sakafu ya kuanikia karafuu, au tangi la maji, au msingi wa banda la ng'ombe, kuta hizo zina neno la kukwambia.

Pale Pujini pana magofu ya ngome ya karne ya 15. Wenyeji wanasema ilikuwa ya mtawala mkali aliyeitwa Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakamua wanaume. Hadithi inasema aliwalazimisha watu kubeba mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Inasema pia kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane. Mwaka 1920 F. B. Pearce, mwakilishi wa serikali ya Uingereza hapa Zanzibar, aliyaeleza magofu haya katika kitabu chake. Na mwaka 1996 mtaalamu Adria LaViolette alitoa ripoti ya uchimbuzi wake. Chini ya ardhi mna chumba, na ukutani mwake mna sura ya siwa iliyofanywa kwa lipu ya chokaa.

Sasa jiulize, ndugu yangu. Pemba hunyesha zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Vipi lipu ile ikadumu karne zote hizo katika nchi ya umande na masika?

Jibu limo katika chokaa yenyewe. Wazee walichukua mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya kuni, wakachoma tanu. Moto mkali hulitoa jiwe hewa ya ukaa iliyomo ndani yake. Likitiwa maji huchemka na kupasuka likawa unga. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kujengewa, huanza kuivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, polepole, mwezi baada ya mwezi, mpaka unarudi kuwa jiwe. Kazi hiyo inataka hewa, inataka unyevu mdogo, na zaidi inataka subira. Chokaa mbichi ikipigwa na mvua nyingi hukosa hewa, nayo huoshwa ikaondoka. Iliyokwisha shika hudumu sana. Msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107.

Simenti ni mgeni. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliandikisha hati ya simenti ya Portland mwaka 1824. Katika pwani yetu, kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kutoa simenti mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Mgeni huyu ana tabia nyingine kabisa. Simenti haishiki kwa kukauka wala kwa hewa. Hushika kwa kunywa maji. Kwa hiyo ukiishika simenti kwa desturi ya chokaa, ukaiacha ikauke haraka, umeiua.

Hapo ndipo penye faida yako. Hali ya unyevu si adui wa simenti. Hata baridi ya kipupwe chetu si kitu. Huko Ulaya maji hugandia ndani ya zege wakati wa majira ya baridi na kulipasua, lakini Pemba hatuna baridi hiyo. Adui wa masika ni wengine, na tuwataje.

Wa kwanza ni mfuko uliolala chini. Simenti hunywa unyevu wa sakafu na wa ukuta hata kabla hujaifungua. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, uifunike, na uliyonunua mwanzo uitumie mwanzo. Donge likivunjika kwa vidole, bado inafaa. Likiwa gumu kama jiwe, usilisage ukajidanganya.

Wa pili ni mchanga uliolowa. Kilo 100 za mchanga wa masika zaweza kuwa na lita 5 za maji tayari. Mfuko wa kilo 50 unatosheka na maji kama lita 25 kwa jumla, pamoja na hayo yaliyomo mchangani. Basi punguza ndoo. Zege la uji hupanguswa kwa urahisi, lakini likishika huwa dhaifu. Mchanga wa pwani uache, maana chumvi yake hula nondo.

Wa tatu ni mvua ya ghafla. Ikipiga zege bichi huosha simenti ya juu, ukabaki mchanga mtupu. Weka turubai au makuti karibu kabla hujaanza. Na mvua ikishapiga, usimwage simenti kavu juu ya maji ukapiga mwiko. Utapata ganda jembamba litakalobanduka.

Wa nne ni jua linalotoka baada ya mvua. Funika kazi yako kwa magunia yaliyolowa, umwagie maji kwa siku 7. Nguvu zake hasa zitakuja zikitimia siku 28. Ukitaka sakafu iwe tayari kabla ya kuchuma karafuu, anza kuhesabu siku hizo sasa. Sakafu inayotoa vumbi huchanganya mchanga na karafuu zako, daraja likashuka, na jasho la msimu mzima likapotea.

Na neno la mwisho kwa wa Pujini na jirani zao. Ukuta wa kale usiuzibe kwa simenti. Chokaa hupumua, simenti ngumu huufungia unyevu ndani, na jiwe huoza. Kazi hiyo waachie watu wa Mambo ya Kale. Wala mawe yake usiyachukue kwa msingi wa banda. Yamebebwa kwa taabu mara moja, yatosha.