Jinsi Fimbo Ilivyoingia Chekechea

Njombe na Makambako, kama kwingineko Tanzania, bakora hutetewa kwa hoja moja: ndivyo tulivyolelewa. Hoja ina ukweli, ila haifiki mbali. Mtoto wa Kibena wa zamani alichapwa, bila shaka, lakini na mtu aliyemjua yeye na ukoo wake, kwa kosa lililoonekana kwa macho: mbuzi wameingia shambani, moto umeachwa uzimike. Hakuwepo mtu aliyelipwa kumkalisha na wenzake sabini wa rika lake na kumtaka anyamaze tangu asubuhi. Ukaidi wa mtoto wa miaka mitano anayekataa kukaa chini ni tatizo jipya, kwa sababu chumba cha kumkalisha nacho ni kipya.

Adhabu ya kuhesabiwa iliingia na dola. Chini ya Wajerumani "hamsa ishirini", yaani viboko 25, ilijulikana kuanzia pwani hadi bara. Miaka hiyohiyo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walikuwa wakifungua vituo Ubenani, Kidugala na Yakobi vikiwemo, na pamoja na kanisa ikaja shule: kengele, mstari, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Wadogo kabisa hawakuhusika. Walibaki nyumbani.

Nyumbani kwenyewe kukabadilika. Kodi ya Waingereza, waliowafuata Wajerumani, ilidai fedha, na Njombe ikawa mahali pa kuchotea vibarua. Kuanzia 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliandikisha wanaume wa nyanda za juu na kuwapeleka kwenye mashamba ya mbali, wengi wao Tanga. Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, TANWAT, na ajira ikasogea karibu, ila bado ilikuwa ajira ya kutoka alfajiri. Malezi ya wadogo yakaegemea zaidi kwa bibi. Bibi ana silaha zake: utani, hadithi, kumtuma mtukutu akalete kuni ili miguu yake ipate kazi. Walimu wengi wa awali wanaofundishwa leo kumpa mtoto asiyetulia jukumu la kugawa vikombe vya uji wanafundishwa jambo ambalo bibi zao walilifanya bila semina.

Baada ya uhuru mbinu hizo zilipata paa. UWT, umoja wa wanawake ulioundwa mwaka 1962, ulihimiza vituo vya kulelea watoto mchana ili akina mama waende shambani, na vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vikaviongeza. Mlezi alikuwa mwanamke wa kijijini, mara nyingi bila cheti, akilipwa kidogo au kwa mazao. Hatuna sababu ya kuvipamba vituo hivyo: vingi vilikosa vifaa, na uji ulipokwisha, navyo vilifungwa. Lakini sheria ya mwaka 1981 iliviweka chini ya Ustawi wa Jamii, si chini ya elimu. Tofauti hiyo ya kiofisi ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi, kwa sababu upande wa elimu fimbo ilikuwa tayari na kanuni zake, zilizotungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu ya 1978.

Makambako nayo ilikuwa ikikua kwa namna yake. Reli ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975, na stesheni ikakutana na barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya kushuka Njombe hadi Songea. Mji wa njia panda hukusanya watu: Wabena, Wahehe, Wakinga wenye maduka, madereva na mama lishe. Watoto wao wakakutana kwenye chumba kimoja wakiwa na lugha tofauti za nyumbani. Anayeambiwa kwa Kiswahili "kaa" akaendelea kusimama huitwa mkaidi hata kama hajaelewa.

Kisha ukaja mwaka 1995. Sera ya Elimu na Mafunzo iliitambua rasmi elimu ya awali kwa watoto wa miaka mitano na sita na kuagiza kila shule ya msingi iwe na darasa lao. Nia ilikuwa njema, na watoto wengi wa vijijini wasingepata darasa bila agizo hilo. Ila kwa hatua hiyo mtoto alihama kutoka kwa mlezi wa kijiji na kuingia katika uwanja wenye kiranja, paredi na fimbo. Kanuni mpya za mwaka 2002 zilijaribu kuibana: viboko visizidi vinne, kwa kosa zito tu, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Nani aliyewahi kumwona mwalimu wa watoto wadogo akiomba ruhusa ya maandishi?

Wakati huo Njombe ilikuwa ikizika. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 14.8 ya watu wazima. Aliyefiwa na mama akiwa na miaka minne hasemi kwamba ana huzuni; anauma wenzake, anajikojolea, analala mezani. Kuna pia njaa iliyofichika: mwaka 2018 zaidi ya nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano, asilimia 53.6, walikuwa wamedumaa, katika mkoa unaouza viazi na mahindi hadi mijini. Tabia nyingi zinazoandikwa kwenye hesabu ya utundu zina mzizi huko.

Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016, ilijaza vyumba. Kiwango rasmi cha darasa la awali ni watoto 25 kwa mwalimu. Takwimu za nchi za miaka iliyofuata zilionyesha zaidi ya watoto 100 kwa kila mwalimu mwenye sifa. Mtaala wa mwaka 2016 ulitaka michezo, nyimbo na kona za kujifunzia, na nyimbo zimesaidia kweli: wimbo wa kusimama na kukaa huwatuliza mia moja kwa dakika moja. Kona ni ngumu zaidi. Kona tano kwa watoto mia ni soko.

Kenya ilikataza viboko shuleni mwaka 2001. Huku Tanzania Bara Sheria ya Mtoto ya 2009 ilikataza adhabu isiyo ya kiasi, ikafuta pia sheria ya vituo ya 1981, lakini kanuni za 2002 zikaachwa zisimame. Programu ya kitaifa ya malezi iliyozinduliwa Desemba 2021 inahimiza malezi yenye mwitikio, na BOOST, mradi wa elimu ya awali na msingi, umeleta mpango wa Shule Salama. Kwa hiyo katika shule ya msingi ya Njombe au Makambako mwalimu mkuu mmoja hupokea mwongozo wa kutomchapa mtoto wa awali, na huyohuyo, kwa kanuni, ndiye mwenye kitabu cha viboko.