Jina Moja Latoka, Kesi Yabaki

Fungua jalada la shauri la ardhi la kabla ya mwaka 2020 wilayani Rungwe na utaona jinsi upande wa wadaiwa unavyoweza kujaa. Tuseme shamba la migomba na chai limeuzwa bila ridhaa ya ukoo. Mdaiwa wa kwanza ni ndugu aliyeuza, wa pili ni aliyenunua, wa tatu ni jirani aliyetia sahihi kama shahidi wa mauziano, na wa nne ni halmashauri ya kijiji iliyogonga muhuri. Mdai amewakusanya wote kwa hofu ya kumwacha nje mhusika. Siku ya kutajwa, jirani anasimama na kusema: mimi sikuuza, sikununua, wala sidai hata mgomba mmoja. Mwenyekiti wa baraza la ardhi akiridhika, anaandika amri fupi kwamba jina la mdaiwa wa tatu lifutwe. Mdai anaagizwa kuleta hati ya madai iliyorekebishwa, wa nne anapanda kuwa wa tatu, na shauri linaendelea.

Amri hiyo ya mistari miwili ina safari ndefu. Katika Uingereza ya zamani, kukosea kuhesabu wadaiwa lilikuwa kosa la kuua kesi. Ukiwashitaki watatu kwa mkataba mmoja, halafu ushahidi ukaonyesha kuwa mmoja hakuwamo, ulianguka kwa wote, hata kama wawili waliobaki walikuwa na deni lako mfukoni. Bunge la Uingereza lililegeza jambo hilo mwaka 1852, likaruhusu jina la asiyehusika liondolewe. Kanuni za mahakama za 1883 zikaweka wazi kwamba shauri halitakufa kwa sababu tu ya mtu kuunganishwa kimakosa au kuachwa.

Kutoka huko kanuni ilivuka bahari hadi India, ikakaa katika sheria ya mwenendo wa madai ya 1908, Amri ya I, Kanuni ya 10. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hawakuhangaika kutunga upya: mwaka 1920 walizileta sheria za India kama zilivyo.

Lakini Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, haikuipokea kanuni hiyo wakati huo. Mji huu, ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, ulikuwa umezoea mkuu wa boma kusikiliza mashauri ya wenyeji mwenyewe. Chini ya Waingereza mashauri ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, yalikwenda kwenye mabaraza ya machifu, na sheria ya mabaraza hayo ya 1929 ilipeleka rufaa kwa maofisa wa utawala, si kwa majaji. Mawakili hawakuruhusiwa. Godfrey Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha makala kuhusu sheria za huko mwaka 1937, alieleza kuwa ugomvi ulianza kusuluhishwa na majirani wenye heshima na viongozi wa vijiji kabla ya kufika kwa chifu. Katika utaratibu wa namna hiyo nani ahusishwe na nani aachwe ni jambo la wazee kuulizana, si la Kanuni ya 10.

Mlango ulifunguka baada ya Uhuru. Mwaka 1963 machifu walivuliwa madaraka, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaunganisha mifumo miwili iliyokuwa ikienda sambamba, ule wa mabaraza ya wenyeji na ule wa mahakama za majaji. Mwaka 1966 Bunge likapitisha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, leo Sura ya 33, na maneno ya ile sheria ya India yakabaki karibu yaleyale, hata nambari ya kanuni. Mahakama inaweza kulifuta jina hatua yoyote, kwa maombi ya upande wowote au bila kuombwa, kwa masharti itakayoona ni ya haki. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake, lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya sheria hii ndiyo inayotumika, na mabaraza ya ardhi ya wilaya huiazima pale kanuni zao zinapopwaya.

Hapa wengi huchanganya mambo. Jina linaweza pia kutoka kwa mdai mwenyewe kuliondoa, chini ya Amri ya XXIII. Akiliondoa bila ruhusa ya kufungua upya, anaweza kubeba gharama na hawezi kurudi kumdai mtu huyo kwa jambo lilelile. Kufutwa na mahakama kwa kuwa uliunganishwa kimakosa ni kitu kingine: hakuna aliyeamua kama una haki au huna.

Na kufuta kuna hatari yake. Hukumu iliyochapishwa mwaka 1983 ilisema kwamba anayedai ardhi iliyokwishauzwa hana budi kumuunganisha mnunuzi pamoja na muuzaji. Jirani anaweza kwenda zake. Mnunuzi akitoka, mnaweza kujikuta mmerudi mwanzo baada ya miaka kadhaa.

Geuko kubwa zaidi ni la mwaka 2020. Marekebisho ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali yaliagiza kwamba anayeishitaki serikali, ikiwamo serikali ya mitaa, atoe notisi ya siku 90, afungue shauri Mahakama Kuu, na amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asipomuunganisha, mwenendo wote ni batili. Kwa mwananchi wa Rungwe muhuri wa kijiji umemtoa Tukuyu na kumpandisha hadi Mbeya, kiasi cha kilomita 70. Kwa maoni yangu tumerudi nusu ya njia kuelekea Uingereza ya kabla ya 1852: jina moja likikosekana, kesi inakufa.

Kwa aliyepokea hati ya wito akiona jina lake limewekwa kimakosa, Kanuni ya 13 ya Amri hiyohiyo ya I inataka pingamizi litolewe mapema iwezekanavyo, kabla viini vya mgogoro havijapangwa. Ukikaa kimya hadi mashahidi waanze kuitwa, sheria inakuhesabu kuwa umekubali.