Kutoka foni ya wazee hadi Flipper Zero: nani ana ruhusa ya kusikiliza mawimbi?



Swali linarudi kila mara, hasa kwa wale wa informatiki: «Naweza kuagiza Flipper Zero, ipite Kampala na Kasindi, ifike Butembo, nijifunze nayo?» Nitajibu. Lakini kwanza historia, juu jambo hili halikuanza na kale kadude keupe kenye pomboo kwenye skrini.

Wazazi wetu wanakumbuka foni. Kabla simu za mkononi hazijaenea miaka ya 2000, misheni na wafanyabiashara wakubwa walisemeshana kwa redio za masafa marefu: unabonyeza, unasema, unaachilia, unangoja. Kila mwenye redio kwenye masafa yale alisikia yote. Ukitaja bei ya mzigo, umewatajia na washindani wako. Kizazi kile kilijua kitu ambacho sisi wa WhatsApp tumesahau: wimbi likiisha kutoka kwenye antena, halina mlango wala kufuli.

Huko London walijifunza kwa aibu. Marconi alikuwa amejigamba kwamba ujumbe wa redio yake hauingiliwi. Juni 1903, Profesa Fleming alikuwa anaonyesha mtambo huo mbele ya watu katika Royal Institution, akingojea ujumbe wa Marconi kutoka Cornwall. Kumbe kabla ya saa yake mashine ikaanza kuandika neno la Kiingereza «rats», yaani panya, tena na tena, halafu mashairi ya kumcheka Marconi. Aliyerusha alikuwa Nevil Maskelyne, mcheza mazingaombwe aliyejua redio vizuri. Fleming akalalamika kwenye gazeti The Times, Maskelyne akajibu humo humo, bila kujificha, kwamba watu walistahili kujua ukweli.

Wengi humwita hacker wa kwanza wa redio na kumpigia makofi. Mimi napiga kidogo tu. Alichosema kilikuwa kweli, lakini hakuomba ruhusa, na alikuwa analipwa na kampuni ya telegrafu ya nyaya iliyomwogopa Marconi. Ukweli wake ulikuwa na mnunuzi.

Sasa turudi Afrika. Telekomandi za zamani za magari zilirusha kodi moja siku zote. Ni kama mlinzi anayeambiwa neno la siri lile lile kila jioni: aliyejificha kichakani akilisikia mara moja, kesho anaingia. Miaka ya 1980, mainjinia wa kampuni ya Nanoteq huko Afrika Kusini walitengeneza KeeLoq, ambapo neno la siri linabadilika kila ukibonyeza. Mwaka 1995 kampuni ya Marekani, Microchip, ilinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 10. Mwaka 2008 watafiti wa Ulaya walionyesha namna ya kuivunja nayo.

Mwaka huo huo kulitokea kisa ambacho ningependa kifundishwe kwetu. Watafiti wa chuo kikuu cha Radboud, Uholanzi, waligundua kwamba kadi ya Mifare Classic, iliyofungua milango na kulipia mabasi nchi nyingi, inaweza kunakiliwa. Walifanya nini? Walijulisha serikali na kampuni iliyoitengeneza, NXP, miezi kabla ya kuchapa maelezo yote. NXP ikakimbilia mahakama ya Arnhem izuie makala yao. Julai 2008 hakimu alikataa. Tazama tofauti na Maskelyne: mwenye kitu aliambiwa kwanza, akapewa muda, na ukweli ukatoka.

Flipper Zero ilikuja mwaka 2020, ikachangiwa zaidi ya dola milioni 4.8 kwenye Kickstarter. Inasoma kadi, inarusha infraredi, inasikiliza mawimbi ya telekomandi. Februari 2024 serikali ya Canada ilitangaza itaipiga marufuku juu ya wizi wa magari, kisha ikalegeza. Si fimbo ya uchawi: programu yake ya asili hairudishi kodi zinazobadilika. Ila kodi moja, ile ya mlinzi wetu, inainasa bila shida.

Na kodi hiyo bado inauzwa kwenye alarmi nyingi za bei ndogo. Fikiria motari wa Butembo. Ile pikipiki ndiyo minervali ya watoto, ndiyo chakula, mara nyingi na deni juu yake. Ukirekodi telekomandi yake «kwa kujaribu tu», umeshika maisha ya jamaa nzima.

Basi jibu langu: ndiyo, lakini ibaki kwenye labo. Jaribu kitu chako, au cha mtu aliyekupa ruhusa kwa karatasi yenye sahihi. Ukipata kasoro, mwambie mwenye kitu na muuzaji kabla ya kutia video kwenye statut. Kodi ya Namba ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, hata kama moyo wako ni safi.

Tena sisi si Uholanzi. Kivu ya Kaskazini iliingia chini ya état de siège tarehe 6 Mei 2021, na raia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Watu wa Beni wanachinjwa tangu Oktoba 2014. Askari anayekufungulia mfuko kwenye barieri kati ya Beni na Butembo akakuta kitu kinachonasa mawimbi, atakuuliza nini? Na utamjibu namna gani, mukubwa, kwa Kifaransa cha kitabu? Usisafiri nacho.

Wala usingoje dola 200 ndipo uanze. Chukua telekomandi ya zamani, fungua kwa turnevisi, soma namba kwenye chipu. Ukikuta PT2262 au EV1527, ni kodi moja. Ukikuta HCS301, hiyo ni KeeLoq, mtoto wa Afrika Kusini.